Miaka saba mahakamani, mwisho wakapatana kimya kimya: Apple na Samsung, nani alishinda hasa?

Kipanga | #1
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanitatiza. Aprili 2011 Apple waliwashtaki Samsung kule California kwamba simu za Galaxy zimeiga iPhone. Agosti 2012 jopo la wananchi tisa likaamuru Samsung walipe dola bilioni 1.05, na dunia nzima ikasema Samsung kwisha habari yao. Baada ya hapo hesabu ikashuka, ikapanda, ikashuka tena, kesi ikafika Mahakama ya Juu, ikarudishwa chini, na Juni 2018 wakapatana bila kutangaza masharti. Samsung wapo, wanauza, wala hawajatetereka.

Dai langu: Apple walishinda hukumu, wakashindwa vita. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na data. Ushabiki tuuache mlangoni.

Chura Kiziwi | #2
Naweka kambi hapa.

Hakimu Mstaafu | #3
Mleta uzi umeanza vizuri ila umeruka hesabu, na utamu wote uko humo.

Ile bilioni 1.05 haikumaliza hata siku moja ikiwa nzima. Jopo lilipewa fomu yenye maswali yanayokaribia mia saba. Waliposoma majibu, ikaonekana wameipa Apple fidia kwa vifaa viwili ambavyo wao wenyewe, kurasa chache nyuma, wamesema havikukiuka kitu. Ikapunguzwa palepale. Machi 2013 Jaji Lucy Koh akafyeka karibu milioni 450 kwa sababu ukokotoaji haukuwa sawa, akaagiza jopo jingine likae. Novemba hilo jopo likarudisha 290, jumla ikawa kama 930. Mei 2015 mahakama ya rufani ikatupa hoja ya mwonekano wa jumla wa bidhaa, ikabaki 548. Desemba mwaka huohuo Samsung wakalipa, huku wakipeleka Mahakama ya Juu malalamiko kuhusu 399 kati ya hizo.

Desemba 2016 wakashinda, majaji 8 kwa 0. Faili likarudi kwa Koh. Mei 2018 jopo jipya likatoa jibu: milioni 539, ambapo 533.3 ni za hataza (haki ya kumiliki ubunifu, "patent") za umbo na 5.3 za utendaji, yaani namna simu inavyofanya kazi. Yaani mtu amepanda hadi mahakama ya mwisho ya nchi kulalamikia 399, ameshinda, halafu akashuka na 533. Hapo Apple wameshindwa vita ipi?

Kidole Gumba | #4
Hahaha! Ameshinda rufaa akaongezewa deni. Huyo wakili bado ana leseni?

Jongoo | #5
Tusipotoshane. Mahakama ya Juu ilisema Samsung hawakuiga. Baada ya hapo Apple wakaona aibu wakakubali yaishe.

Hakimu Mstaafu | #6
Hapana @Jongoo. Mahakama ya Juu haikugusa kabisa swali la kuiga. Iliulizwa jambo moja: mtu akiiga umbo, anatoa faida ya simu nzima au faida ya ile sehemu iliyoigwa? Jaji Sotomayor akaandika kwamba "kitu" kinachotajwa na sheria kinaweza kuwa sehemu tu ya bidhaa. Kipimo cha kuitambua hiyo sehemu hawakukitoa, wakawaachia walio chini wahangaike.

Mama Seva | #7
Asante, ila mimi bado niko nyuma. Hataza ya umbo ndiyo ile ya pembe za mviringo? Mtu anamilikije pembe?

Hakimu Mstaafu | #8
@Mama Seva zilikuwa tatu: uso wa mbele ulio bapa na mweusi, uso wenye ukingo unaozunguka na pembe za mviringo, na mpangilio wa aikoni za rangi kwenye skrini. Hamiliki pembe kama pembe, anamiliki ule mwonekano mzima kama ulivyochorwa kwenye maombi. Hiyo ya kumiliki pembe za mviringo ni utani wa mtandaoni.

Lakini chimbuko la kanuni ya kutoa faida yote ni kichekesho. Ni mazulia. Miaka ya 1880 watengenezaji wa mazulia Marekani waliibiwa michoro yao, wakaenda hadi Mahakama ya Juu, wakapewa senti 6, kwa kuwa hawakuweza kuonyesha ni kiasi gani cha faida kilitokana na mchoro na kiasi gani kilitokana na zulia lenyewe. Bunge likachukia. Mwaka 1887 likapitisha sheria: aliyeiga mchoro atoe faida yote. Kwa zulia inaeleweka, maana watu wananunua zulia kwa mchoro. Sasa chukua sheria hiyo uipeleke kwenye simu yenye modemu (chipu ya kuunganisha na mtandao), kamera, betri na maelfu ya hataza za watu wengine ndani yake. Hata majaji walipokuwa wanasikiliza waliishia kujadili gari la Volkswagen Beetle: mnunuzi kavutiwa na umbo au na injini?

Mama Seva | #9
Sasa nimepata. Kumbe tunagombania simu kwa sheria ya mazulia.

FundiSpana | #10
Nyie mko mahakamani, mimi niingie ndani ya simu. Nimefungua iPhone nyingi za enzi zile. Ukishatoa ngao ya chuma juu ya ubao, unakuta chipu ya memori imeandikwa SAMSUNG wazi kabisa. Prosesa nazo, kuanzia simu ya kwanza hadi A7, zilitoka kwenye viwanda vya Samsung. Mtu anakushtaki asubuhi, mchana anakutumia oda ya chipu.

Kwa hiyo maelezo yangu ni tofauti na ya mleta uzi na ya Hakimu. Kesi ilikuwa fimbo ya kumsukuma msambazaji. Apple walitaka kujinasua, na mwaka 2014 prosesa ya A8 ikahamia TSMC, watengenezaji wa chipu wa Taiwan. Fidia ilikuwa bonasi.

Kipanga | #11
@FundiSpana hoja yako nzuri ila ina tundu. Kama walitaka kujinasua, mbona mwaka 2017 iPhone X ilitoka na skrini ya OLED ya Samsung? Kesi ilikuwa bado inaunguruma.

FundiSpana | #12
Kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kutengeneza OLED za ubora ule kwa wingi ule. Kujinasua si siku moja mkuu.

Pweza | #13
Wote mnahesabu pesa. Apple hawakuwa na njaa ya pesa, kampuni ile ingeweza kuzisahau hizo milioni 539 kwenye droo. Walichotaka ni ZUIO. Bidhaa isiuzwe, basi. Na zuio ndilo walilolikosa. Desemba 2012 Jaji Koh alikataa kuzifungia simu za Samsung hata baada ya hukumu ya bilioni. Na hata angekubali, nyingi ya simu zilizotajwa zilikuwa zimeshatoka madukani. Kesi inakwenda kwa miaka, simu inaishi miezi.

Ujerumani walipata, mwaka 2011, mahakama ya Düsseldorf iliizuia Galaxy Tab 10.1. Samsung wakafanya nini? Wakabadilisha ukingo, wakaongeza herufi moja, wakarudi sokoni na 10.1N. Zuio likawa limezuia herufi.

Kidole Gumba | #14
"Zuio likawa limezuia herufi." Pweza leo umeamka na wino.

Hakimu Mstaafu | #15
@Pweza kuna kisa kinakuunga mkono nusu. Oktoba 2011, kwenye kikao cha kuomba zuio, Jaji Koh aliinua vishikwambi viwili juu ya kichwa chake, mkono huu iPad, mkono huu Galaxy Tab, akamuuliza wakili wa Samsung: kipi ni chenu? Wakili akajibu kwamba kwa umbali ule hawezi kutofautisha. Alikuwa kama hatua tatu hivi kutoka kwenye meza ya jaji. Mwenzake mmoja ndiye aliyetoa jibu baadaye.

Sasa hapo ndipo nawauliza mnaosema Samsung hawakuiga: kama wakili wako hakijui kifaa chako, mteja atakijuaje?

Mama Seva | #16
Umbali huo hata mimi nisingejua sahani na sinia 😂 Hicho si kipimo.

Pweza | #17
@Mama Seva Uingereza walikuunga mkono. Julai 2012 Jaji Birss alisema Galaxy Tab haikuiga iPad kwa sababu haina ule urahisi uliopitiliza wa iPad, kwa maneno mengine haivutii kama ya Apple. Samsung wakashinda kesi kwa kuambiwa bidhaa yao si nzuri kiasi cha kufanana!

Kisha Apple wakaamriwa waweke tangazo kwenye tovuti yao kwamba Samsung hawakuiga. Wakaliweka, lakini wakapachika aya za kusifia iPad na kutaja hukumu za nchi nyingine walikoshinda. Mahakama ya rufani ikakasirika, ikawaamuru waandike upya. Waliporudi na tangazo la pili, watu wakafungua msimbo wa ukurasa wakakuta picha ya iPad imepangwa ijitanue kulingana na skrini yako, ili tangazo libaki chini hadi uteremshe ukurasa. Hiyo ndiyo kampuni ambayo mnasema ilikuwa inatafuta haki.

Kidole Gumba | #18
Utoto wa kiwango cha juu. Nimewapenda bure.

Jongoo | #19
Haya basi niache hiyo ya Mahakama ya Juu. Mbona hamzungumzii upendeleo? Juni 2013 Samsung walishinda kwenye Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, iPhone 4 na iPad 2 zikatakiwa zizuiwe kuingia nchini. Agosti serikali ya Obama ikaitengua. Oktoba zuio dhidi ya Samsung likafika mezani hapohapo, hilo halikutenguliwa. Kiwanda cha nyumbani kinalindwa, mwisho wa hadithi.

Hakimu Mstaafu | #20
Tarehe zako sahihi, na kweli ilikuwa mara ya kwanza tangu 1987 kwa serikali kutengua zuio la tume hiyo. Lakini hataza si za aina moja. Ile ya Samsung ilikuwa hataza ya kiwango, imo ndani ya mfumo wa mawasiliano wa 3G wenyewe. Huwezi kutengeneza simu ya 3G bila kuikanyaga. Mwenye hataza ya namna hiyo huahidi mapema kwamba atawakodishia wote kwa masharti ya haki na yasiyobagua. Ukiahidi hivyo halafu ukataka kumfungia mwenzako mlango, unaulizwa. Hataza za Apple dhidi ya Samsung zilikuwa za umbo na za namna ya kugusa skrini. Hizo unaweza kuzikwepa.

Jongoo | #21
Maelezo mazuri. Bado naona upendeleo.

Bahati Nasibu | #22
Kuzikwepa kunakwepwa, ila anayelipa gharama ni sisi. Nilikuwa na simu fulani, kampuni siitaji. Ilikuwa na ile kitu: unateremsha orodha ya majina, ukifika mwisho orodha inavutika kama mpira, unaachia, inarudi yenyewe. Kidole kinajua umefika mwisho hata kama macho hayaangalii. Likaja sasisho, asubuhi naamka nakuta orodha inagota tu, ukingoni panawaka mwanga wa bluu. Nikadhani skrini imekufa. Nikaipeleka kwa fundi, fundi akaniambia simu nzima, kilichobadilika ni programu. Miaka baadaye ndiyo nasoma kwamba kule kudunda ni hataza ya Apple, inaitwa kwa namba zake za mwisho 381, na watu walihamia mwanga wa bluu ili wasilipe.

FundiSpana | #23
Niliwapokea wengi sana wa aina yako. Wengine walishabadilishiwa kioo huko walikopita.

Msaka Chimbuko | #24
Mimi nauliza swali ambalo mnalikwepa: vitu hivyo vilikuwa vya Apple kweli? Kutelezesha kidole ili kufungua simu, Apple waliwashtaki Samsung kwa hicho kwenye kesi ya pili, ya 2012. Kampuni ya Sweden, Neonode, ilikuwa na simu ya N1m iliyofunguliwa kwa kutelezesha kidole kabla iPhone haijazaliwa. Na simu ya LG Prada yenye uso wote wa mguso ilitangazwa Desemba 2006, iPhone ikaonyeshwa Januari 2007.

Angalia matokeo sasa. Agosti 2015 mahakama ya juu ya haki ya Ujerumani ikaifuta hataza ya kutelezesha, ikasema hakuna uvumbuzi wa kutosha juu ya kile cha Neonode. Marekani hataza hiyohiyo ikapita. Jopo la Mei 2014 likawapa Apple milioni 119.6 kwa kesi nzima, rufani ikazifuta Februari 2016, kisha Oktoba majaji wote wa rufani wakakaa pamoja wakazirudisha. Kidole kimoja, kitendo kimoja, majibu mawili kulingana na bahari uliyovuka.

Kipanga | #25
@Msaka Chimbuko na kwenye kesi hiyo ya pili Samsung nao walipewa dola 158,400 kwa hataza yao moja. Nadhani hazikutosha hata karatasi za mawakili.

Kidole Gumba | #26
Ndiyo maana nasema washindi ni mawakili. Uzi ufungwe.

Mzee wa Nokia | #27
Usifungwe, sijasema. Vijana mmeng'ang'ania pembe na kudunda, wakati pesa yenyewe iko msingini, kwenye redio. Oktoba 2009, kabla hata ya hiyo kesi yenu, Nokia waliwashtaki Apple kwa hataza za GSM, 3G na Wi-Fi. Juni 2011 Apple wakakubali kulipa. Wakagombana tena mwisho wa 2016, Mei 2017 wakapatana, na Nokia wakapokea yuro bilioni 1.7 kwa mkupuo. Linganisha na hizo 539 mlizopigia kelele kurasa tatu. Hakuna jopo, hakuna kuinua vishikwambi.

Nokia hawatengenezi hata simu zenyewe siku hizi, jina tu walikodisha. Lakini kila 5G inayouzwa wanadai hadi yuro 3. Huawei nao mwaka 2021 walitangaza dari la dola 2.50 kwa simu. Ericsson kati ya 2.5 na 5. Jumlisha mwenyewe kabla hujanunua chipu.

Mama Seva | #28
Babu umetuzibua masikio. Kumbe simu ukiinunua unalipa watu ambao hawajaigusa.

Kodi ya Fikra | #29
Na wengine hawajagusa chochote. Sisi tulikuwa timu ndogo ya programu ya simu. Tukapokea barua kutoka kwa wakili wa kampuni ambayo haina bidhaa, haina wateja, ina hataza tu. Eti kitufe chetu cha kununua ndani ya programu kinakanyaga hataza yao. Bei waliyotaja ilikuwa chini kidogo ya gharama ya wakili wa kutujibia. Imepimwa! Wenzangu wakasema tulipe. Tukalipa.

RIM wa BlackBerry walipitia hayohayo kwa ukubwa wake. NTP, kampuni isiyouza simu hata moja, ikawabana hadi Machi 2006 wakalipa dola milioni 612.5, huku Ofisi ya Hataza ikiwa tayari inazikataa baadhi ya hataza hizo.

Hakimu Mstaafu | #30
Pole @Kodi ya Fikra. Kwa ukweli mngepigana mngeweza kushinda na bado mngefilisika.

Pweza | #31
Hapa ndipo nadharia yangu ya pili inaingia, mnisamehe kwa kujipinga. Labda Apple na Samsung hawakuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Vita ile ilipandisha bei ya kuingia uwanjani. Julai 2011 hataza za Nortel, kampuni ya mawasiliano ya Kanada iliyofilisika, kama 6,000 hivi, zilinunuliwa kwa dola bilioni 4.5 na kundi la Apple, Microsoft, RIM, Ericsson, Sony na EMC. Mwezi uliofuata Google wakatangaza kuinunua Motorola kwa bilioni 12.5, na mwaka 2014 wakakubali kuiuza kwa Lenovo kwa 2.91, hataza nyingi wakabaki nazo. Asiye na ghala la hataza afanyeje? HTC walishtakiwa na Apple Machi 2010, Mei 2012 simu zao mpya zikakwama forodhani Marekani, Novemba wakasaini leseni ya miaka 10. Leo HTC wako wapi kwenye simu?

Kipanga | #32
HTC walikuwa na matatizo yao mengine, tusibebeshe hataza kila maiti.

Msaka Chimbuko | #33
Kwenye mnada ule wa Nortel iliripotiwa Google walitaja bei za ajabu ajabu, mojawapo dola bilioni 3.14159. Pai! Watu wanapigania mustakabali wa simu, wao wanafanya hesabu za darasani.

Kidole Gumba | #34
Ndiyo maana walishindwa. Wangetaja namba ya kueleweka.

Mzee wa Nokia | #35
Mkimaliza utani, someni Apple na Qualcomm, watengenezaji wa chipu za modemu. Januari 2017 Apple walishtaki, wakidai Qualcomm wanatoza asilimia ya bei ya simu nzima badala ya bei ya chipu. Desemba 2018 mahakama ya Munich ikazuia iPhone 7 na 8, Qualcomm wakaweka dhamana ya yuro bilioni 1.34 ili zuio litekelezwe. Aprili 16, 2019, kesi imeanza kusikilizwa San Diego, wakapatana siku hiyohiyo. Apple wakalipa, wakasaini leseni ya miaka sita. Na jioni ileile Intel wakatangaza kuachana na modemu za 5G za simu. Hao Intel ndio waliokuwa mbadala pekee wa Apple. Unaelewa sasa kwa nini walisaini?

FundiSpana | #36
@Mzee wa Nokia hiyo inarudi kwenye hoja yangu #10. Kesi ni fimbo ya msambazaji! Baada ya hapo Apple wakanunua kitengo cha modemu cha Intel kwa bilioni moja, na Februari 2025 iPhone 16e ikatoka na modemu yao ya C1. Kujinasua si siku moja, nilisema.

Mzee wa Nokia | #37
Modemu yako mwenyewe haikuondolei ada ya hataza, kijana. Chipu umebadilisha, 5G ni ileile.

Kipanga | #38
Nimesoma yote. @Hakimu kwenye hesabu umenibana, lakini @Pweza #13 ananirudisha palepale: zuio hawakulipata. Nabaki na dai langu.

Hakimu Mstaafu | #39
Nami nabaki na 533.

Chura Kiziwi | #40
Nimeamka. Nokia na Oppo vipi? Agosti 2022 Oppo na OnePlus waliacha kuuza simu Ujerumani baada ya hukumu za Nokia, Januari 2024 wakapatana. Hapo nako kuna mwenye hesabu, au nirudi kulala?

Mzee wa Nokia | #41
Usilale. Hiyo ifungulie uzi wake, nakuja na mafaili.